Kengele ya Seva na Mkeka wa Kiangi

Hapo zamani, na msinitolee macho, zamani yenyewe ni mwaka juzi, hospitali moja ya milimani ilikuwa na seva yake, kompyuta kubwa ya kutunzia taarifa, katika chumba cha nyuma. Humo ndimo zilimokaa kumbukumbu za wagonjwa wote. Tumsifu, fundi wa kompyuta, akaiwekea mtambo wa kuichunga: skrini kwenye ukuta wa wodi, karibu na mapokezi, ya kuonyesha hifadhidata imejaa kiasi gani, na kengele ya kuonya kabla haijafurika.

Ila Tumsifu ni mwoga. Akaitega kengele ilie hata hifadhidata ikifika nusu tu. Ikalia asubuhi, ikalia mchana, ikalia mpaka wagonjwa wakaizoea kama jogoo wa jirani.

Sista Nakiete, mkuu wa wodi, akachoka. Akaizima kengele, na skrini akaifunika kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika televisheni majumbani, isiingie vumbi. Kila aliyepita alikisifu.

Elinami, karani wa mapokezi, siku moja akakifunua ili apanguse. Akaona mstari mwekundu umegota juu. Mara mbili huko nyuma alishatoa taarifa ya hitilafu nyingine, na mara mbili alichekwa. Akakirudisha kitambaa, akanyamaza.

Hifadhidata ikajaa pomoni. Jumatatu moja Ndekirwa, mama wa watoto wanne, akaeleza kuwa sindano fulani humvimbisha koo. Daktari akaandika, seva haikuhifadhi hata neno. Ijumaa akaletwa hajitambui. Wakatazama kumbukumbu, hamna kitu. Wakamchoma sindano ileile. Jamani, hakumaliza hata saa.

Kiangi, mumewe, alipoambiwa ukweli hakushtaki. Alisema: "Aje mmoja tu. Akae kwenye mkeka wangu, mbele ya wanangu, aseme, 'Ni mimi.'"

Wakakutana Tumsifu, Nakiete na Elinami. Tumsifu akasema yeye kengele aliiweka, walioizima ni wengine. Nakiete akasema kengele inayolia kutwa haionyi mtu, na wagonjwa wake walitaka kupumzika. Elinami alilia kwanza.

"Mimi niliona," akasema. "Lakini ningesema, nani angenisikiliza?"

Wale wawili wakainuka, wakarudi kazini.

Mpaka leo hakuna aliyekwenda. Kila asubuhi Kiangi anautandika mkeka, jioni anaukunja. Kitindamimba wake ameanza kuuliza huyo mgeni anayengojwa ni nani.

Haya, ninyi mnaojua kusema: aliyeitega vibaya, aliyeizima na kuifunika, au aliyeona akanyamaza? Nani anastahili kukaa pale? Msinijibu mimi. Yule mtoto aambiwe nani?