Jina la Mtoto wa Veneranda

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Kuna kesi imenishinda, nami nataka mnisaidie kuiamua.

Katika kijiji cha Lihanje, kule kwenye baridi ya mashamba ya chai, walikuwako wanawake watatu. Leokadia alijaliwa ulimi: jambo ambalo wengine hulizunguka, yeye alilitaja kwa jina lake. Editha, nesi wa zahanati, alijaliwa mikono mitulivu. Hata mtoto mwenye jipu alinyamaza akishikwa naye. Na Gaudensia, mama mzazi wa Leokadia, alijaliwa kifua: neno likiingia kwake halikutoka. Wote watatu walimsaidia mtu mmoja, Veneranda, mchuma chai, mke wa Saveri. Na huyo Saveri alikuwa mtoto wa Gaudensia, kaka yake Leokadia.

Veneranda alizaa watoto wanne katika miaka sita. Alipojifungua wa nne alivuja damu nyingi mno, akaja kuzindukia hospitali ya wilaya, ndani yake ikitembea damu ya watu asiowajua. Daktari akamwambia apumzike kuzaa, miaka mitatu kwa uchache. Saveri hakuwa mtu mbaya. Mwezi ule mzima alimfulia mkewe nguo, jambo ambalo wanaume wa pale hawalifanyi. Lakini habari za uzazi wa mpango hakutaka kuzisikia. Alikuwa mtoto wa kiume pekee kwao, na aliwahi kuambiwa kwamba kitanzi cha kuzuia mimba hupanda mwilini mpaka moyoni.

"Mungu atatupangia, mama Kalisti," alimwambia mkewe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyeanza ni Leokadia. Alimkuta wifi yake anachuma chai huku ameshika kiuno, akamwuliza waziwazi kama anangoja kufa ndipo apumzike. Akamwambia kwamba yeye ana kitanzi mwaka wa saba sasa. Hamezi kidonge, hahesabu siku, na maziwa ya mtoto wake hayakupungua. Miezi ya kwanza hedhi ilikuwa nzito na tumbo lilimkata, kisha mambo yakatulia. Siku akitaka mtoto mwingine, atakwenda kukitoa. Na hakuishia kwenye maneno. Alimsindikiza Veneranda mpaka zahanati, kilomita tisa kwa miguu, asije akaghairi njiani.

Editha hakuwa na haraka. Alimpima damu, akaona bado ni chache, akamrudisha nyumbani na vidonge vya kuiongeza. Veneranda aliporudi mara ya pili, Editha alimpa kitanzi cha mfano akishike: kijiti cha plastiki chenye umbo la T, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, kifupi kuliko kidole. Akamweleza kwamba kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi, hakina njia ya kwenda moyoni. Kinazuia mimba miaka kumi na zaidi, ila magonjwa ya zinaa hakiyazuii. Kisha akamwuliza kama mumewe anajua. Veneranda akakiri kwamba hajui.

"Mwili ni wako, na siri ni yako," Editha akasema. "Ila ningekuwa wewe, ningetafuta siku ya kumwambia."

Akamwekea. Ilichukua dakika chache.

Jioni ile tumbo lilimsokota Veneranda, akaenda kujilaza kwa mama mkwe wake. Gaudensia alimtazama kidogo tu, akajua amewekewa nini. Mdogo wake mwenyewe alikufa akijifungua mtoto wa saba. Akawachukua wajukuu, akapika, na Saveri alipokuja kuuliza akaambiwa mkewe amepigwa na baridi. Tangu siku hiyo, kila mwanawe alipoanza kushangaa mbona mimba haiji, Gaudensia aliyageuza mazungumzo.

Mwaka wa kwanza ukapita, Veneranda akanenepa. Mwaka wa pili akajifunza ushonaji, akanunua cherehani. Watoto wake walikua, na mdogo alinyonya mpaka akaacha mwenyewe. Furaha hiyo ingekuwa yake yote, kama si Saveri.

Saveri alikuwa ameugua matubwitubwi ukubwani, na wenzake kilabuni walimwambia ugonjwa ule humkausha mwanamume. Akaamini. Akaenda kwa mganga wa mizizi. Kila asubuhi alichemsha dawa chungu, akainywa amesimama mlangoni, macho yakimtoka machozi kwa ukali wake. Veneranda ndiye aliyempokea kikombe. Mara nyingine alimpa asali ya kulamba baadaye, na asali ile ilimchoma yeye kuliko dawa ilivyomchoma mumewe.

Siku moja Saveri aliweka kikombe chini, akasema taratibu, "Nisamehe, mama Kalisti. Mimi nimekwisha."

Jibu lilimjaa mdomoni Veneranda. Akaliona lote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Akasema, "Haidhuru, baba." Akaenda nyuma ya nyumba, akaosha kikombe, kisha akakiosha tena.

Alimkimbilia Gaudensia, akamwambia anakwenda kusema. Mama mkwe akamshika mkono.

"Bado mwaka mmoja kati ya ile mitatu ya daktari. Yule nimemzaa mimi. Unadhani hainiumi?"

Mwaka ule ulipokwisha, Veneranda alimweleza mumewe kila kitu. Saveri alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja tu: "Mama alijua?"

Veneranda akaitikia kwa kichwa. Siku ya nne alikwenda na mkewe zahanati, akasema anataka kukiona. Kwa kuwa miaka ya daktari ilikwisha, Veneranda akakubali kitolewe, na Editha akakitoa, akamwonyesha. Saveri alikigeuza kile kijiti kiganjani, akasema, "Kumbe ni hiki tu."

Mwezi wa tatu baada ya hapo mimba ikashika. Veneranda akajifungua hospitali, mtoto wa kike, salama, bila damu ya kuongezewa. Na ni Saveri aliyemwambia nesi kwamba sasa watoto wanatosha, kitanzi kirudishwe. Lakini kwa mama yake hajala tena, hata ugali wa kuonja.

Pale kwao mtoto hupewa jina la mtu anayestahili shukrani, na mtu huyo huwa somo wake maisha yote. Leokadia amesema bila aibu kwamba jina ni lake, maana bila yeye Veneranda angekuwa kaburini. Wachuma chai wanasema ni la Editha, kwa kuwa maneno hayazuii mimba. Gaudensia hakudai kitu. Alikuja, akamwogesha mtoto, akaondoka kabla mwanawe hajarudi. Veneranda alimwona akishuka kilimani peke yake, akajua kwamba siri yake imemgharimu mama mkwe mwanawe.

Ila usingizini humwona Saveri amesimama mlangoni na kikombe chake, mtu aliyebeba aibu isiyo yake ili mkewe apone, wala hakuulizwa. Naye pia ana jina linalomfaa mtoto wa kike: Saveria. Alipomwomba achague yeye, mumewe alimjibu, "Mlikwisha kuamua bila mimi. Amueni na hili."

Jumapili, siku ya ubatizo, katekista atauliza mtoto anaitwa nani, na Veneranda atalazimika kufungua mdomo.

Leokadia, Editha, Gaudensia, au Saveria? Wewe uliyenisikiliza, ungempa mtoto jina gani?