Bakuli la Kwato Nyeusi

“Mama hasusi bakuli la mwanawe.” Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana pale dukani, alipomwona jirani yetu akipanda basi kwenda kumtazama mwanawe gerezani. Nanyi mkacheka, mkadhani ni habari ya ulafi. Haya, wajukuu zangu, kaeni, na hizo simu ziwekeni chini. Chanzo cha methali hiyo ni hiki, kama nilivyokipokea kwa bibi yangu.

Zamani, sisi Wacheyenne tulipokuwa bado tukihama na mahema yetu ya ngozi kuyafuata makundi ya nyati katika nyika za Amerika, kulikuwa na mjane aliyeitwa Mvua ya Jioni. Alikuwa na wana wawili wa kiume, Kwato Nyeusi na mdogo wake, Mwewe Kimya. Desturi ilikuwa kila mwindaji awe na alama yake kwenye mishale, ili mnyama akianguka ijulikane ni wa nani. Hawa wawili walitumia alama moja, ya marehemu baba yao, mistari mitatu myekundu. Watu walimshauri mama awatenganishie. Akakataa, akasema nyumba ni moja, basi na alama iwe moja. Neno hilo lilimtafuna mpaka anaingia kaburini.

Siku moja wakamwangusha nyati jike mnono. Mwewe Kimya alimtaka kwa ajili ya wakwe, maana alikuwa amechumbia. Kwato Nyeusi akashikilia kwamba mshale uliofika moyoni ni wake. Wakauchomoa, wakautazama: mistari mitatu. Nani angeamua? Maneno yakawa makali, wakashikana, na kisu cha kuchunia kilikuwa mkononi mwa mkubwa. Mdogo alikufa palepale majanini, kando ya nyama ambayo hakuna aliyeila.

Kwetu, kumuua Mcheyenne mwenzako kulikuwa uchafu unaotupata sote. Ilisemwa kwamba ile Mishale Mitakatifu minne, tunayotunziwa tangu enzi za mababu, huingia madoa ya damu, na nyati hukimbia harufu ya muuaji. Wakuu wakamfukuza Kwato Nyeusi kambini miaka minne. Hata akirudi, hataonja chakula cha mwenzake, wala mwenzake hataonja chake. Bakuli lake litakuwa lake peke yake hadi afe.

Mama akakata nywele zake, akajichanja miguu kwa kisu kama walivyofanya waliofiwa. Mkubwa alipoondoka, mama hakumwangalia. Lakini kila kambi ilipohama, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kung'oa hema, na wanawake walimwona akiutazama moshi mwembamba uliokuwa ukiwafuata kwa mbali. Walimwonea huruma.

Miaka minne ikaisha. Kwato Nyeusi akarudi amekonda, mvi zimemtoka kabla ya wakati. Alikuta watu wakila. Akatiliwa mchuzi wa nyama katika bakuli lake la mti, akaenda kukaa nalo pembeni. Mvua ya Jioni akasimama, akamfuata. Kaka yake, aliyekuwa mmoja wa wakuu, akamzuia.

“Dada, sheria unaijua. Ukitia mkono mle, hakuna atakayekula nawe tena. Hata wenzako unaotarizi nao hawatakukaribisha.”

“Naijua, kaka.”

“Na yule aliyelala chini, je?”

“Yule nimemlilia miaka minne mbele yenu. Huyu nimemlilia kwa kujificha. Nimechoka, kaka. Nipishe.”

Kwato Nyeusi alipomwona anakuja, akalifunika bakuli kwa mikono miwili. “Mama, usile. Mimi ndiye niliyemuua.”

“Namjua uliyemuua. Nilimnyonyesha mimi. Sogea.”

Akaketi, akachota, akala. Alikula huku machozi yakimtiririka, na lile jitu zima likala likilia kama mtoto. Tangu siku hiyo hema lao lilisimama peke yake nje ya duara. Mishale ilipofanyiwa ibada ya kutakaswa, mahema yote yalikuwepo isipokuwa hilo. Miaka tisa walikula wawili tu, hadi mama akaugua ugonjwa wa kufa.

Alipokuwa amelala hoi, Kwato Nyeusi akapiga magoti kando yake, akamuuliza lile ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza.

“Mama, umenisamehe?”

“Bado, mwanangu,” akasema. “Leta bakuli, tule.”

Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba methali hii ni ya mama aliyesahau. Hakusahau hata siku moja, na uchungu wake alikwenda nao. Lakini mama hasusi bakuli la mwanawe.