Hoja ya Punda na Njia ya Mawe

Mto umekata njia, mwanangu yu ukingoni,
Sauti naisikia, uso wake siuoni.

Naileta ngano!
— Ilete, mikono i wazi!
Ikiwa tamu?
— Tutagawana!
Ikiwa chungu?
— Tutaimeza, kikombe tukurudishie!

Basi. Zamani, zamani sana, wanyama wa Bonde la Mvumo walikuwa na mto mmoja, ghala moja na baraza moja. Mtoni walikunywa. Ghalani kila mmoja alitia kibaba cha mtama baada ya mavuno, uwe akiba ya wote. Barazani waliamua akiba hiyo itumike kwa lipi.

Bondeni humo aliishi Bi Punda. Binti yake, Kidawa, aliolewa ng'ambo ya mto. Palikuwapo kivuko cha mawe. Mafuriko yakakichukua, lisirudi hata jiwe moja. Tangu siku hiyo mama hakumwona mwana, wala mwana hakumwona mama.

Kila alfajiri Bi Punda alishuka mtoni akalia. Ng'ambo, Kidawa akamjibu. Mto ulikuwa mpana na mafunjo yake marefu. Zilivuka sauti tu.

Mwaka wa kwanza zilikuwa sauti mbili. Mwaka wa pili, nyuma ya sauti ya Kidawa, ikasikika ya tatu: nyembamba, yenye kukatika katikati kama filimbi yenye ufa.

"Nimepata mjukuu," Bi Punda akayaambia maji. Maji yakapita.

Mwaka wa tatu ile sauti nyembamba ikaanza kuwa nzito. Bi Punda akajua kwamba mtoto anakua, naye hajamwona hata ukwato.

Sasa sikilizeni habari za baraza. Spika alikuwa Kiboko, ambaye huogelea. Kulia kwake alikaa Ngedere, ambaye huvuka kwa matawi, kule juu mto unakobanwa na miti. Kushoto kwake alikaa Korongo, ambaye huruka. Mnaona, wenzangu? Waliokuwa wakiamua habari ya njia ndio wasioihitaji njia.

Mwaka wa kwanza Bi Punda aliomba kivuko. Baraza likautumia mtama kuchonga viti vya wazee. Mwaka wa pili akaomba tena. Mtama ukapikwa pombe ya kuvisherehekea viti. Mwaka wa tatu wakataka kujenga paa, viti visinyeshewe.

Bi Punda akasimama.

"Mheshimiwa Spika, viti havina mtoto ng'ambo. Mimi ninaye. Naomba mtama huu uwalishe wabeba mawe, njia irudi. Naomba kutoa hoja."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Ngedere akaruka juu ya kiti chake. "Bi mkubwa huyu anataka njia ya nini? Juzi tu nimevuka na kurudi, na ndizi mkononi!"

Baraza likacheka.

"Mwanangu Ngedere," Bi Punda akasema, "niazime huo mkia, nami nitavuka leo hii."

Baraza likacheka zaidi, ila safari hii Ngedere hakucheka.

"Keti, Bi Punda," Kiboko akasema. "Tumekusikia."

Mwaka wa kwanza aliambiwa keti, akaketi. Mwaka wa pili aliambiwa keti, akaketi. Ndiyo adabu aliyofunzwa mbeba mizigo. Mwaka wa tatu hakuketi.

"Mheshimiwa Spika," akauliza, "sheria ya wahenga ingalipo?"

Sheria hiyo ilikuwapo. Wahenga walisema: mwenye hoja na asimame barazani siku tatu, usiku na mchana, na kila siku asimame mpinzani mmoja mbele yake. Mwenye hoja akiketi au akiondoka, hoja imekufa. Wapinzani wote watatu wakishindwa kusimama hadi jua lizame, hoja imepita.

Kiboko akapiga mwayo. "Ingalipo. Tuone magoti yako, bibi."

Siku ya kwanza alisimama Ngedere. Akajikuna ubavu, akajikuna kisogo. Adhuhuri ikaanguka tini mbivu kutoka mkuyuni. Ngedere akairukia.

"Nilikuwa naikagua tu!" akapiga kelele, shavu limejaa.

Punda akabaki amesimama.

Siku ya pili alisimama Kiboko mwenyewe. Jua likamchoma mgongo, ngozi ikaanza kupasuka.

"Bi Punda, miguu haikuumi?"

"Yaniuma, Mheshimiwa."

"Basi keti."

"Moyo waniuma zaidi, nao hauna pa kuketi."

Kiboko akavumilia kidogo, akashindwa. "Baraza liendelee," akasema. "Mimi nakwenda kushauriana na maji."

Punda akabaki amesimama.

Siku ya tatu alisimama Korongo, akakunja mguu mmoja tumboni. Wanyama wakaguna. Nani amewahi kumshinda Korongo kwa kusimama?

Jua lilipopinduka, Korongo akamwinamia Bi Punda sikioni, akasema kwa upole:

"Mama, leo asubuhi nimepita ng'ambo. Kidawa yuko ukingoni. Alfajiri ya tatu hii anakuita, sauti yake haifiki hapa, na wewe humjibu. Mtoto anamwuliza, bibi yuko wapi? Nenda umjibu mara moja, urudi. Nitakushikia nafasi yako."

Ole, wenzangu! Ingekuwa uongo, angeupuuza. Lakini ilikuwa kweli tupu, na Bi Punda alijua kuwa ni kweli. Masikio yake yakageuka kuelekea mtoni. Ukwato mmoja ukainuka juu ya vumbi.

Akaurudisha pale pale.

"Nikienda leo," akasema, machozi yakimdondoka, "nitamjibu kwa sauti tu maisha yangu yote."

Punda akabaki amesimama.

Alasiri kikanyesha kimvua chepesi. Kilipokatika, ardhi ikafunguka, na kumbikumbi wakatoka maelfu kwa maelfu. Korongo akafumba macho. Akayafumbua. Akayafumba tena. Alipoyafumbua mara ya tatu, alikwisha kuwa angani, mdomo wazi.

Jua likazama. Hoja ikapita.

Kesho yake alfajiri Bi Punda alishuka mtoni, akaita.

Ng'ambo kimya.

Akaita mara ya pili. Kimya. Akaita mara ya tatu. Mafunjo yakayumba, basi.

Kiangazi chote alibeba mawe. Kila alfajiri aliita kwanza, kisha akabeba, naye hakujua kama anamjengea njia mwana au kaburi. Jiwe la mwisho lilipotuliwa, wanyama wote wakakusanyika. Kule ng'ambo akatokea mmoja, polepole, amejifunga kaniki ya msiba. Alikuwa Kidawa.

"Mama!" akalia. "Nilikuita alfajiri tatu hukujibu. Nikajua umekufa. Nikahamia mbali nisiusikie mto huu. Nimesikia njia imerudi, nimekuja kulitafuta kaburi lako."

"Nilikusikia, mwanangu," Bi Punda akasema. "Kwa masikio ya Korongo."

Nyuma ya Kidawa alikuja mjukuu. Alikuwa ameshamfikia mama yake begani. Bi Punda akamnusa shingo, akamnusa masikio, akitafuta harufu ya kitoto. Haikuwapo tena. Utoto wake ulikuwa umepita ng'ambo.

"Niite, mjukuu wangu," akasema.

Kijana akaita kwa sauti nzito ya punda mzima. Lakini katikati ilikatika, mara moja tu, kama filimbi yenye ufa. Bi Punda akafumba macho.

Viti vikaletwa. Kiboko akahutubu kwamba njia ile ni tunda la hekima ya baraza. Chakula kikapakuliwa. Kidawa akamtandikia mama yake majani laini. "Keti sasa, mama." Lakini magoti yalikuwa yamesahau kukunjwa.

Ngano hii yatufunza, wenzangu: anayetaka kuamua habari ya njia, aulizwe kwanza yeye hupita wapi. Na neno la haki haliuawi na wapinzani. Hufa siku mwenyewe akiketi.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye mgongo aubebe. Siku ile ya karamu Ngedere aliketi, Kiboko aliketi, hata Korongo aliketi. Aliyebaki amesimama ni Punda.