Mkanda wa Goti la Mama Nakijwa

"Jicho hununua, goti huvaa." Bibi Mbonea aliyatamka maneno hayo alipowaona wajukuu zake wameiinamia simu, wakishindana kuchagua viatu vya harusi ya dada yao.

"Bibi, hiyo umeitunga sasa hivi!" mmoja akacheka.

"Thubutu! Methali hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na goti. Wekeni simu chini, niwaambie ilikotoka."

Katika milima ya Upare aliishi mfinyanzi aliyeitwa Nakijwa. Wafinyanzi wa ukoo wake hawakuuzungusha mtungi. Mtungi ulitulia, mwanadamu akauzunguka. Nakijwa aliinama, mkono mmoja ndani ya udongo na mwingine nje, akaenda kinyumenyume, duru baada ya duru, hata ukingo ukawa laini kama mdomo wa mtoto mchanga. Togolani, seremala aliyemwoa binti yake, Ndekirwa, alipoiona kazi hiyo kwa mara ya kwanza, alivua kofia bila kujua kwa nini.

Kisha goti la kulia la Nakijwa likaanza kuvimba. Akawa hamalizi duru bila kusimama, na mitungi ikatoka na kibyongo. Aliivunja mwenyewe kabla haijakauka. "Nikikaa chini," alimwambia bintiye, "mikono hii itakufa kabla yangu."

Togolani aliposikia hayo, akatafuta mtandaoni, akaona mkanda wa goti wenye vyuma pembeni. Katika picha mwanamke aliyeuvaa alikuwa akipanda mlima mbio. Ukurasa uliomba vipimo viwili, juu ya pia ya goti na chini yake. Haukusema duka liko wapi, wala mkanda usiofaa hurudishwaje.

"Ngoja nikienda nyumbani nimpime mama," Ndekirwa akasema. "Na daktari atuambie kwanza goti lina nini."

Lakini ukurasa ulidai mikanda imebaki michache. Na Togolani kumpima mama mkwe yeye mwenyewe halikuwa jambo la kufikirika: katika ukoo ule mkwe hampi mama mkwe mkono, sembuse kumshika goti. Basi Togolani akamkumbuka alivyo mwembamba ndani ya kanga zake, akachagua saizi ndogo.

"Jicho langu ni la fundi," akajivuna. "Halihitaji futi."

"Mama yangu si mlango," Ndekirwa akamjibu.

Mkanda ulipofika, Togolani aliupeleka mwenyewe, akakaa ukweni ili atengeneze mlango wa ghala. Nakijwa aliupokea kwa mikono miwili, akaingia ndani kuuvaa. Ulimbana tangu mwanzo. Hata hivyo, zawadi ya mkwe haivuliwi naye angali uani, kwa hiyo akanyamaza, na kila ulipolegea kidogo aliukaza.

Asubuhi moja wenyeji wengine walikwenda sokoni, naye akauendea udongo wake. Togolani alikuwa akipiga randa upande wa pili wa ua, kwa umbali wa heshima. Alipoinua macho alimwona mama mkwe akizunguka bila kusimama, na moyo ukamjaa furaha. Kisha akatazama ardhi. Nyayo za damu za mguu mmoja zilikuwa zimeuzunguka mtungi kama shanga shingoni. Nakijwa alikuwa amekanyaga kigae chenye ncha, na bado alikuwa akienda.

"Mama! Mguu wako!"

"Umefanyaje? Niache nimalize ukingo."

"Unatoka damu. Huumwi?"

Nakijwa akatazama chini kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani. "Siumwi," akasema polepole. "Tangu jana mguu huu hausemi nami."

Togolani akatupa randa, akamwendea. Mama mkwe akainua mkono wenye udongo. "Simama hapo hapo, baba! Utatozwa mbuzi."

"Nitamtoa."

"Wawili!"

"Hata zizi zima, mama. Kaa chini."

Akapiga magoti mbele yake, akaufungua mkanda. Ngozi ilikuwa imechimbika mifereji, goti limejaa, vidole vya mguu ni baridi na vina rangi ya majivu. Wote wawili wakavitazama vidole vile. Kwa muda hapakutokea kitu. Halafu chini ya kucha ukaja wekundu hafifu, ukaenea taratibu kama mapambazuko yanavyoshuka bondeni, na Nakijwa akapiga ukelele uliowatawanya kuku.

"Unaumwa, mama?"

"Naumwa! Ashukuriwe Mungu, naumwa!"

Togolani hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

"Mbona hukuniambia unakubana?" akamuuliza, akimfunga kidonda.

"Zawadi ya mkwe husemwa?" Akashusha pumzi. "Jicho lako ndilo lililonunua, baba. Goti langu ndilo lililovaa."

Hospitalini daktari alieleza kwamba damu na hisia vilikuwa vimezuiwa, na kwamba kukawia zaidi kungeweza kumpotezea mguu. Goti lililolika gegedu, ule mto laini wa kati ya mifupa, kama lile lilihitaji mkanda laini, usio na vyuma, pamoja na mazoezi. Togolani alipiga simu kwenye duka la kwanza, haikupokelewa. Daktari akawashauri watafute duka lenye anwani, lenye mtu wa kujibu maswali, na linalokubali kurudishiwa kisichofaa, nao wakalipata. Yakabaki yale maswali mawili ya vipimo.

Ndekirwa alitoa utepe. Mama yake akamnyang'anya, akampa Togolani. "Pima wewe. Mbuzi ulikwisha kuwatoa."

Akaupitisha utepe juu ya pia ya goti, kisha chini yake. Nakijwa akakunja mguu kidogo, na Togolani akahisi mfupa ule mdogo ukiteleza chini ya vidole vyake na kurudi mahali pake, kimya, kwa ustadi usio wa seremala yeyote. Ulikuwa umezunguka mitungi ya kijiji kizima, umepandisha maji na kuni mlimani, umemwinua mama huyu akiwa na mimba ya Ndekirwa. Naye alidhani ameujua kwa kutazama kanga.

"Imesoma ngapi?" Ndekirwa akauliza, simu mkononi.

"Ngoja," Togolani akasema. Aliurudisha utepe mwanzo, akapima tena.

Ndiyo maana watu wa milima ile, wakimwona mtu anakimbilia kizuri cha kutazama, humwambia kwa upole: jicho hununua, goti huvaa.