Shati Jekundu Kwenye Picha ya Msiba

Soma taratibu mpaka chini, kisha mtumie ndugu uliyenuniana naye.

Huko milimani Upare palikuwa na ukoo ambao bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mjomba wake amshike mkono na kumkabidhi. Siku ya harusi ya bintiye, Nakunda alisimama mlangoni akamzuia mdogo wake wa kiume, Eliamini, asiingie.

Jua lilishapanda. Mshenga wa upande wa bwana harusi alikuwa ametazama saa mara tatu.

"Mama, mjomba asipoingia, sisi tunarudi."

Ndani, binti alilia mpaka wanja ukamchuruzika. Nakunda roho ilimuuma, lakini alikuwa amekula kiapo kwamba mdogo wake hataingia kwake.

"Siku tunamzika baba, wote tuko kwenye majonzi, huyu akaja na shati jekundu kama anakwenda dansini! Miaka ishirini na miwili sijasahau."

"Dada, sikuvaa jekundu," alisema Eliamini.

"Nililiona kwa macho yangu!"

Akaingia sebuleni, akaing'oa picha ya msiba ukutani, akaionyesha kadamnasi. Kweli, shati lilikuwa jekundu kama pilipili.

Kirumbe, mpiga picha wa harusi, aliisogeza karibu na miwani yake. Akashtuka.

"Mama, rangi hii nilipaka mimi, kwa brashi. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Uliniletea studio ukasema imepooza, niichangamshe. Mashati yote niliyaona ya kijivu tu, nikakisia."

"Lakini nalikumbuka!"

"Unakumbuka picha ya ukutani kwako, mama."

Nakunda akamgeukia mdogo wake.

"Sasa siku ile ulivaa nini?"

"Shati la baba. Lile la kaki. Sikuwa na kingine cha kumuagia."

Akaitazama picha upya. Mikono ya shati ilimfunika kijana yule mpaka vidoleni, mabega yakimpwaya. Hayo yote yalikuwapo miaka yote, naye hakuwahi kuyaona. Aliona haya, akalia mbele za watu bila kujificha.

"Ingia, mdogo wangu," alisema. "Mwari wako anakusubiri. Na mimi unisamehe."

Funzo: Kumbukumbu nayo hupakwa rangi. Kabla hujamhukumu ndugu yako kwa unalolikumbuka wewe, muulize analolikumbuka yeye.