Nani Apewe Ufunguo wa Banda la Kahawa

Sogeeni. Aliyegombana na ndugu yake leo asubuhi akae mbali naye kidogo, maana hadithi hii ina ugomvi wake yenyewe, na sitaki mwingine uzuke hapa katikati.

Huko Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, alikuwako mjane aitwaye Eusebia. Alikuwa na banda la kukaangia kahawa, na ndani ya banda mlikuwa na pipa la chuma lililolazwa juu ya moto, lenye mpini wa kuzungushia. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, kila mmoja na kipaji chake.

Otmari, wa kwanza, alijaliwa kuujua moto. Alisogeza kiganja karibu na pipa, akajua kama joto limezidi, limepungua au limetulia.

Osmunda, wa pili, alijaliwa masikio. Buni ikikaribia kuiva hupasuka ndani ya pipa, paa, paa, paa, na yeye aliisikiliza milio hiyo akajua ni wakati gani hasa wa kuitoa.

Gaudensia, kitinda mimba, alijaliwa meno na vidole. Aling'ata punje moja isiyokaangwa akakwambia imekauka kiasi gani na imetoka shamba la mlimani au la bondeni.

Ungedhani watu kama hao wangekaanga kahawa ya kusifiwa. Lakini walichukiana. Osmunda alipoachika akarudi nyumbani, Otmari alisema mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani, "Mzigo umerudishwa kwa mwenyewe." Osmunda hakumsamehe. Gaudensia naye alimwambia dada yake usoni kwamba kitanda chake kinachukua nafasi ya magunia. Na hao wawili, Otmari na Gaudensia, walikuwa na mwaka mzima hawajasalimiana. Neno kaka na neno dada yalikuwa yamekwisha katika nyumba ile. Waliitana "wewe."

Kwa hiyo walikaanga kwa zamu, kila mtu na siku yake. Kahawa ya Otmari ilikuwa na moto mzuri lakini ilichelewa kutolewa, ikaungua. Ya Osmunda ilitolewa kwa wakati lakini moto ulimshinda, ikawa nyeusi nje na mbichi ndani. Ya Gaudensia ilichaguliwa vizuri punje kwa punje, kisha ikaharibiwa pipani.

Siku moja akaja Bwana Mtutura, mwenye hoteli kule Songea. Ndiye aliyekuwa akinunua karibu kahawa yote ya banda lile. Hakukaa. Alitupa paketi mbili mezani.

"Mama Eusebia, Jumatatu nawapa wateja wangu kahawa. Alhamisi nawapa majivu. Wananiuliza kama nimefukuza mpishi."

"Unataka tufanye nini, baba?"

"Jumamosi nakuja. Mkaange awamu kumi na mbili, nami nitaonja zote. Nikipata hata moja iliyo tofauti na nyingine, sirudi hapa tena."

Alipoondoka, Eusebia aliwaita wanawe. Alikuwa ameshika ufunguo wa banda.

"Jumamosi mtakaanga wote watatu. Kahawa ikikubaliwa, ufunguo huu nampa mmoja wenu, aliyeiokoa. Wawili wataondoka wakatafute maisha pengine. Nikifa nikawaacha watatu humu, mtauana."

"Vizuri," alisema Otmari. "Hawa waanze kufunga mizigo."

"Wako ndio utakuwa wa kwanza kufungwa," Osmunda alimjibu.

Jumamosi ilipofika, Gaudensia alitakiwa kuleta kuni, Osmunda kuleta buni, na Otmari kuzungusha pipa. Balaa lilianza kabla ya jua kupanda. Gaudensia alikuwa ameacha kuni nje bila kuzifunika, na mvua ilikuwa imenyesha. Moto ulitoa moshi tu.

"Kuni hizi umezivua mtoni?" Otmari alifoka. Akazipiga teke zikatawanyika uani. Kisha akaenda kwenye zizi lake la mbuzi, akang'oa mbao kavu moja baada ya nyingine, mbuzi wakatawanyika mashambani, naye asiwatazame. Kwa mbao hizo akawasha moto safi. Pipa huzidi kupata joto kila awamu inapopita, na awamu ya pili huiva upesi kuliko ya kwanza. Otmari alilijua hilo. Alipunguza ubao hapa, akasogeza kaa pale kwa mkono, tangu awamu ya kwanza hadi ya kumi na mbili, mpaka kiganja chake kikatoka malengelenge. Joto likabaki lile lile.

Walipomaliza awamu ya tatu, Gaudensia alichota punje kwenye gunia lililofuata, akaing'ata, akaitema chini.

"Nani ameleta uchafu huu?"

Osmunda akalisogelea gunia. Ni yeye aliyelileta.

"Hii ni buni ya bondeni, mbichi, imechanganywa na kavu ya mlimani. Ukiikaanga pamoja, nusu itaungua na nusu itakuwa kama majani. Huna macho?"

Osmunda alikuwa amebeba magunia yale haraka haraka, bila kuyakagua, kwa sababu moja tu: hakutaka kumwomba Gaudensia amsaidie. Aliinama ili achambue.

"Toka hapo, utachanganya tena," alisema Gaudensia. Akamwaga buni kwenye mkeka, akapiga magoti, akaitenganisha kwa vidole. Hakuinuka mpaka kazi ilipokwisha. Kucha zake zilivuja damu.

Osmunda akarudi mahali pake kando ya pipa. Kila awamu alifumba macho, akatega sikio ndani ya moshi, akakohoa, kisha akaita, "Toa!" Awamu ya saba ikafika. Milio ikaanza, ikazidi, ikaungana.

"Toa!"

"Bado," alisema Otmari, akiendelea kuzungusha.

"Imeiva, toa!"

"Nisimamiwe na mwanamke aliyeshindwa kukaa kwa mumewe?"

Osmunda alimpiga kikumbo cha bega, Otmari akayumba, naye Osmunda akafungua mlango wa pipa kwa nguvu. Buni ikamwagika kwenye ungo, kahawia, inang'aa kwa mafuta. Punje chache za chini zilikuwa zimeanza kutoa moshi. Angengoja kidogo tu, awamu yote ingekuwa makaa. Kuanzia hapo hadi awamu ya mwisho alisimama na mkono wake kwenye mlango ule, na sauti ilimkauka kwa kuita.

Mchana Bwana Mtutura alifika. Vikombe kumi na viwili vilipangwa, vikapanguliwa, vikapangwa tena akiwa amegeuka asivione. Akaonja. Akasukutua kinywa. Akarudi kwenye cha tatu, akaenda kwenye cha saba, akarudi tena kwenye cha tatu.

"Mama," alisema mwishowe, "ni kama umepika birika moja ukaligawa mara kumi na mbili. Hii ndiyo kahawa ninayoitaka."

Osmunda alikitazama kiganja cha Otmari kilichofungwa kitambaa. Akazitazama kucha za Gaudensia. Neno "poleni" lilimfika hadi kwenye ulimi.

"Ufunguo, mama," alisema Otmari. "Bila moto wangu wangekaanga moshi. Huyu alileta kuni zilizolowa."

Osmunda akalimeza lile neno. "Na wewe ungetuletea makaa. Nimekuondoa penye pipa kwa bega langu."

"Mngekaanga nini ninyi wawili?" aliuliza Gaudensia. "Buni iliyochanganywa na huyu asiye na macho?"

Eusebia alimgeukia Bwana Mtutura. Yule akanyanyua mikono. "Mimi nimeonja kahawa tu, mama. Watoto ni wako."

Basi ufunguo uko mkononi mwa Eusebia. Wanawe wamesimama mbele yake, na kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Kila mmoja ameiokoa kahawa, na kila mmoja alikuwa karibu kuiharibu. Msiniambie wapewe wote watatu, mama amekwisha kukataa. Je, wewe ungeamua vipi? Na ukishaamua, wageukie wale wawili uliowanyima, uwaambie sababu wakiwa wanakutazama usoni.