Nusu Mbili za Karo

Hapo zamani, enyi mlioketi, zamani ambayo bibi zetu waliiona kwa macho, huko milima ya Taita palikuwa na msichana aitwaye Mghoi. Mguu wake mmoja ulilemaa angali mchanga, akawa hatembei mbali. Lakini macho yake yalitembea. Kutoka uani kwao aliona, kule bondeni, mapaa ya chuo cha ualimu, na kila asubuhi aliyatazama kama mwenye njaa atazamavyo moshi wa jiko la jirani.

"Unatazama nini tena?" kaka yake Mwakio humwuliza.

"Natazama nilipo," hujibu. "Hapa umebaki mwili tu."

Wazazi wao walikuwa wamefariki. Mwakio ndiye aliyeteka maji, ndiye aliyekata kuni, ndiye aliyelima. Naye alikuwa mwanafunzi, darasa moja na dada yake. Mghoi alisoma, Mwakio alisinzia dawatini kwa uchovu. Vitabu hawakuwa navyo. Waliazima kwa Wakesho, binti wa mwenye duka.

"Chukua, shoga yangu, mimi nimemaliza," Wakesho husema, hata akiwa hajafika katikati.

Mtihani ukaja, mtihani ukapita. Mghoi akawa wa kwanza. Wakesho akawa wa pili, nyuma yake kidogo tu. Mwakio alifaulu, lakini mkiani.

Ikabaki karo. Palikuwa na tuzo: nusu ya karo kwa aliyeongoza mtihani, awe tajiri awe maskini, naye asipoweza kwenda chuoni, tuzo humwendea anayemfuata. Tena palikuwa na mfuko wa kijiji: nusu ya karo kwa mtoto wa nyumba isiyojiweza, awe wa kwanza awe wa mwisho, mradi amefaulu. Mwaka ule mavuno yalikuwa haba, mfuko ukatosha mtoto mmoja.

Kamati ya mfuko ikakutana shuleni, Mwalimu Nyambu akiwa mwenyekiti.

Mghoi akainuka na mkongojo wake. "Mwalimu, tuzo nimeipata kwa kichwa changu. Mfuko nauomba kwa umaskini wetu. Nusu na nusu, nitafika. Nusu moja hainifikishi. Sijawahi kutaka kitu kingine duniani."

Mwakio akainuka, macho chini. "Chuo humpokea anayelipa nusu, nusu iliyobaki akailipa kwa kulima shamba la chuo. Dada hawezi jembe, mimi naliweza. Nipeni mfuko, nitakwenda. Dada, nisamehe. Katika alama zako mna maji niliyoteka mimi. Nami pia nilitamani chuo. Hukuniuliza tu."

Mghoi akaduwaa. Miaka yote ile alidhani kaka yake ameridhika na jembe. Alikuwa ameyatazama mapaa ya chuo, na aliyesimama ubavuni mwake hakumtazama.

Wakesho akainuka. "Baba yangu ana nusu, zaidi ya hapo hana. Mfuko si wangu, najua; sisi hatuhesabiwi maskini. Lakini Mwakio akiupata, Mghoi hawezi kwenda, na tuzo inanijia mimi. Simwombei shoga yangu mabaya. Lakini vitabu alivyonishinda navyo vilikuwa vyangu. Nami chuo nakiota kama yeye."

Kamati ikanong'ona, ikabishana, ikagawanyika. Huyu alisema, "Tumpe Mghoi. Tukimnyima aliyeongoza, nani atajitahidi tena?" Yule alisema, "Tumpe Mwakio, waende wawili badala ya mmoja."

Mwalimu Nyambu akashusha pumzi. "Mghoi, mwanangu, wewe wasemaje?"

Mghoi akaitazama mikono ya kaka yake, sugu juu ya sugu. Akamtazama Wakesho, aliyekuwa anafuta machozi. Chuo kikamvuta moyoni.

"Mwalimu," akasema, "nikisema mpeni kaka, ulimi utatamka lakini moyo utakataa. Nikisema nipeni mimi, maji aliyoteka yeye nitayanywaje? Amueni ninyi."

Akaketi. Wote watatu wakaiinamia sakafu, wakangoja.

Basi nanyi mnaonisikiliza, jaalieni kamati ile ni ninyi. Kuna mwenye akili na shida pamoja, kuna aliyebeba mzigo wa mwenzake, kuna aliyetoa vitabu vyake akashindwa navyo. Je, mfuko ule mngempa nani?